Nilivyowashawishi wanakijiji wagome kuchangia dawa ya josho

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ni ya kwangu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Mtakaonitukana mna haki.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, kijijini kwetu, ukishaipita Buhongwa. Baba alishafariki. Nyumbani tulikuwa mama, mdogo wangu Kabula, mimi, na ng'ombe kumi na wanne.

Kijiji kilikuwa na josho. Kwa wasiolijua, ni mfereji wa saruji wenye maji ya dawa ya kupe. Kila wiki ng'ombe wanatumbukia, wanaogelea, wanatokea upande wa pili. Dawa ya serikali, bure. Msimamizi alikuwa Mzee Ngasa, mtu mpole, nguo zake zilinuka dawa hadi kanisani.

Ukaja wakati wa soko huria. Bwana mifugo akaitisha mkutano: serikali imejitoa, kila kaya ichangie dawa.

Mzee Ngasa akasimama. "Ndugu zangu, tuchange. Ng'ombe wetu wamezoea dawa. Tukiwaachisha ghafla, kupe watawamaliza."

Mimi enzi hizo msomaji wa magazeti, najiona nina point. Nikanyoosha mkono.

"Babu zetu walifuga bila josho! Kodi tunalipa, pamba yetu wanachukua, leo watuuzie na maji ya kuogeshea ng'ombe? Tusitoe hata senti. Tukigoma, wataleta wenyewe."

Watu wakashangilia. Mkutano ukafia hapo.

Kuna kitu sikukisema. Kabula alikuwa amefaulu kwenda sekondari, wa kwanza katika ukoo wetu, na ada ya shule, iliyokuwa imefutwa, nayo ilikuwa imerudi. Mama alipanga kuuza dume letu kubwa. Niliogopa kila shilingi itakayotoka. Hasira yangu ya mkutanoni, nusu yake ilikuwa hofu tu.

Serikali haikuleta dawa. Josho likakauka, mbuzi wakawa wanalala humo.

Mvua zilipoanza, kupe walijaa kwenye masikio ya ng'ombe kama mtama uliomwagika. Ndama ndio walitangulia. Tezi zinavimba chini ya sikio, anagoma kunyonya, anahema kama amefukuzwa, povu puani, kesho yake unachimba shimo. Ndigana kali hiyo, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Nikaenda mjini kwenye duka jipya la dawa za mifugo. Kichupa kimoja kilikuwa ghali kuliko mchango niliougomea. Nilipofika nacho nyumbani, dume lilikuwa limelala chini, shingo limeinyoosha.

Nikaenda kwa Mzee Ngasa. Aibu niliyokuwa nayo, wakuu, acheni tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wamebaki wangapi?"

Akavaa kofia akanifuata. Akalishika dume chini ya masikio, akafungua mdomo akatazama ufizi. "Hili tumelichelewea," akasema. Nilisubiri anisimange. Akaniomba maji ya kunawa.

Mvua zilipoisha tulibaki na ng'ombe wawili. Kuna jirani hakubaki na hata mmoja, na ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Siku ya kuripoti shule ikakaribia. Mama akashindwa kumwambia Kabula, nikaenda mimi. Nilimkuta anapalilia mihogo.

"Kabula, shule haitawezekana."

Hakuinua uso. "Mwaka huu, kaka, au kabisa?"

Akaendelea kupalilia.

Nilichojifunza: serikali ilitutupa ghafla, hilo sibishani na mtu, hata leo naona walikosea namna ya kufanya. Lakini kukasirika hakuogeshi ng'ombe. Nilisema maneno matamu mbele ya watu waliokuwa wananiamini, na aliyekuwa anaijua kazi tukampuuza.

Kabula sasa anauza dagaa mjini, Igogo. Tunatembeleana, tunacheka. Swali lake hajawahi kulirudia, wala mimi sijapata ujasiri wa kulijibu.

Mliokulia vijiji vyenye majosho, kwenu mlichanga au mligoma kama sisi? Semeni, nawasoma.