La Kwanza Alione Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonijua wamekwisha kuzoea. Kwa hiyo nikianza kueleza habari za mlezi wa mwanangu, msitegemee nitapaka mafuta. Nilimpenda yule mama, kisha nikamchukia kwa moyo wote, na sasa namkumbuka nikiwa jikoni peke yangu mpaka chai inafurika na kuzima moto.

Mwanangu wa kike nilimzalia Kilosa, kwenye shamba la mkonge, wakati shamba lenyewe linakata roho. Pale shambani kulikuwa na chumba cha watoto, chenye sakafu ya saruji na ayah, walezi waliolipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Ilipoingia ile miaka ya ruksa tulifurahi kama watu wote: sabuni ikarudi dukani, mitumba ikajaa mnadani, kila mwenye karanga akaruhusiwa kuuza karanga zake. Halafu shamba likaambiwa lijitegemee, na kitu cha kwanza walichokifunga ni kile chumba cha watoto. Mashine zilifuata baadaye. Baba wa mtoto alipunguzwa kazini, akaenda Kidodi kukata miwa, na huko akapata sababu za kutorudi. Simzungumzii zaidi, habari hii si yake.

Nikahamia Mikumi na mtoto mgongoni. Nilipata kazi kwenye mgahawa wa barabarani, pale mabasi yanapopumzika na madereva wa malori wanapoteremka kunawa uso. Kazi ya mgahawa haijui Jumapili. Basi la kwanza linafika jua halijatoka, na abiria anataka supu na chapati, hataki kusikia kwamba una mtoto.

Mpishi mwenzangu ndiye aliyeniambia habari za walezi. Walikuwa wanawake wa makamo, baadhi yao ayah wa zamani waliofukuzwa mashambani kama mimi, wakaanza kupokea watoto wa watu uani kwao. Kisha wakaunda chama. Ukikitazama huoni kitu: kikao cha Jumapili baada ya ibada, kanga za aina moja siku ya mkutano, mmoja akiugua mwenzake anawabeba watoto wake. Lakini chama kile kilikuwa na meno. Mlezi akimchapa mtoto anaitwa. Akimkabidhi mtoto kwa mtu aliyelewa, hata awe baba mzazi, anaitwa. Uji ukipoa na nzi wakautangulia, anaitwa. Niliona mama mzima mwenye wajukuu ametoka kwenye kikao chao anajifuta machozi na ncha ya kanga.

Aliyempokea mwanangu alikuwa mama wa Vidunda, mtu wa milimani, Mwanglikana asiyekosa ibada, mwenye sauti ya chini mpaka unainama kumsikiliza. Watoto walimwita Bibi, nasi mama zao tukamwita hivyo hivyo. Asubuhi nampa shikamoo, ananiitikia marahaba huku mikono yake imekwisha kumpokea mtoto, nami nakwenda zangu mbio.

Sasa, walezi wale walikuwa na jambo lao moja ambalo halikuwa kwenye kanuni za chama, ila walilishika kuliko kanuni. Walisema: la kwanza alione mama. Mtoto akiota jino kwa mlezi, mlezi hasemi. Atakuambia tu mlangoni, hebu mtazame kinywani leo, naona anatoka mate mengi. Unafika nyumbani, unatazama, unaliona jino, unaruka kwa furaha, na kesho unamletea Bibi habari naye anazipokea kama mpya. Waliona kwamba sisi tumekwisha kunyang'anywa mchana wote wa watoto wetu, basi hayo madogo tusinyang'anywe.

Nililigundua kwa bahati. Mwanangu alipiga hatua chumbani kwangu jioni moja, kutoka kitandani mpaka kwenye ndoo, nami asubuhi nikampelekea Bibi habari kabla hata ya salamu. Akapiga makofi, akamkumbatia mtoto, akasema wee, kweli mama, ametembea? Siku chache baadaye dada wa mtoto mwingine, msema ovyo, akaniambia huyu mbona anatembea siku nyingi, juzi amemfukuza kuku mpaka barabarani. Sikukasirika. Nilicheka, na njiani nikalia kidogo, nikajisemea nimebahatika kupata mlezi mwenye utu. Na nilinyamaza. Niliupenda ule uongo wao, wala sikutaka wauache.

Mtoto akakua akawa msemaji. Alitupita wote kwa maneno. Akiamka ananiita, mama, mama, mpaka namwambia nyamaza nimekusikia, utawaamsha majirani. Alikuwa na jina la kila kitu uani kwa Bibi, na visivyo na jina alivipa. Wateja wangu walimjua kabla hawajamwona, kwa jinsi nilivyokuwa nikiyarudia maneno yake nikigawa sahani.

Halafu ikaja homa. Ilianza kama homa zote, usiku wa pili akakaza shingo na kukodoa macho, tukamkimbiza hospitali kwenye pikipiki ya mtu. Alilala pale siku nyingi, anachomwa sindano mpaka hakuna pa kuchoma. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sikuwa navyo. Alitoka amekonda, shingo nyembamba, lakini hai, na hai ndilo neno pekee nililokuwa nalitaka. Tajiri wangu alikuwa amekwisha kuchoka kunisubiri. Nikamrudisha mtoto kwa Bibi, nikarudi kwenye masufuria.

Hapa ndipo ninapochoka kusimulia. Mtoto alikuwa kimya. Nikasema ni udhaifu wa ugonjwa, atapata nguvu. Nilikuwa namchukua jioni kiza kinaingia, ananing'inia begani usingizini, namlisha kwa kibatari, namlaza. Alikuwa ananitazama usoni sana, nami nikaona ni mapenzi, kwamba mtoto amemkumbuka mama yake. Maneno yake yakawa machache, kisha yakawa ya kukwaruza, kisha siku nzima halitoki hata moja. Nikimwita asipogeuka nasema ana kiburi cha baba yake. Nilisema hivyo na kucheka.

Bibi naye akaanza mambo yake mlangoni. Leo ukifika nyumbani, mwimbie. Leo jaribu kumwita ukiwa umesimama nyuma yake, mama. Leo mdondoshee sufuria uone atafanyaje. Mimi nimetoka kusimama tangu alfajiri, miguu imevimba, namsikiliza mtu mzima anaongea habari za kudondosha sufuria. Nikamwambia, Bibi, nitaimba saa ngapi mimi? Akaniangalia, akataka kusema, akafunga mdomo. Akanifungia mtoto mgongoni na kuikaza kanga vizuri. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, msimu mzima wa mvua.

Kisha bwana afya akaifunga migahawa yote ya barabarani kwa sababu ya kipindupindu, nami nikajikuta nyumbani mchana, kitu kigeni kabisa kwangu. Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni anachambua maharage, anapenda kazi hiyo. Nyani wakaja. Mikumi nyani ni majirani, lakini siku ile walikuwa kundi, na dume mmoja akaruka kutoka kwenye mti akatua juu ya bati zetu, kishindo kile, na wengine wakamfuata wakikimbizana kutoka mwisho hadi mwisho. Mimi niliangusha kikombe. Nilijifunika kichwa, Mungu shahidi wangu. Mwanangu akachukua harage, akaligeuza, akaliona lina tundu, akalitupa pembeni.

Nikasimama nyuma yake nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti ya kuuzia chapati. Nikachukua sufuria nikaibwaga kwenye saruji, na wakati inadunda ndipo nilipokumbuka ni nani aliyeniambia nifanye hivyo.

Nilikwenda kwa Bibi nikikimbia, bila viatu, mtoto kiunoni. Aliniona langoni akaketi chini pale pale alipokuwa. Akasema, "Umeona."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu wiki aliyotoka hospitali. Kuku walipiga kelele, wenzake wote wakageuka." Akakunja mikono mapajani. "Mama, jambo kubwa namna hii nikuambie mimi mlangoni, na wewe una safari ya kwenda kubeba sahani za watu? Ni lako. Nilisema alione mama."

Sitaandika niliyomwambia. Majirani walitoka. Nilimtukana mwanamke ambaye umri wake ulinidai shikamoo kila asubuhi, nami siku hiyo sikumpa hata hiyo.

Kule Kilosa, daktari alimpima kwa kengele na kwa makofi ya mikono yake, akaniambia ukweli bila kuzunguka. Masikio hayarudi. Hata ningekuja siku ya kwanza yasingerudi. Lakini maneno aliyokuwa nayo, alisema, hayo yangeweza kushikiliwa, kama tangu mwanzo angekaliwa mbele, akasemeshwa uso kwa uso kila siku, asiachwe anyamaze. Kwa umri ule maneno yasipotumika hukauka. Niliuliza sasa je. Akasema jitahidi, na akanielekeza shule ya viziwi ya bweni ambayo ingempokea akifikisha umri.

Chama kikaniita Jumapili iliyofuata. Walikaa wote na kanga zao za aina moja, na mwenyekiti akaniomba niseme. Nilisema. Bibi akasimama, akakiri mbele yao kwamba amekosa, akasema hatapokea mtoto mwingine. Wengine walilia, maana kila mmoja aliyekaa pale angefanya kama yeye. Wakapitisha siku ile ile kwamba kuanzia sasa mlezi atamwambia mama kila anachokiona, jioni hiyo hiyo, kiwe kizuri kiwe kibaya. Wakanishukuru. Nilitoka pale kifua mbele, naona nimewafunza adabu.

Bibi alirudi Vidunda kabla ya kiangazi kuisha. Alipita mgahawani kuniaga, amebeba kifurushi chake kichwani. Niliwaambia wenzangu wamwambie sipo, na nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Miaka miwili haikupita, tukasikia amefariki. Sikupanda mlima kumzika.

Mwanangu alikwenda shule ya bweni. Nilipokwenda kumtazama mara ya kwanza, mwalimu wake, kijana mchangamfu, alinikalisha kwenye kiti akaniuliza, mama, ni nani aliyemfundisha huyu sauti? Nikasema sielewi. Akamwita, akamwonyesha kikombe. Mwanangu akaweka kiganja kwenye koo lake mwenyewe, akasema, maji. Sauti ilikuwa nzito, ya kuburuza, lakini ilikuwa maji. Akaonyeshwa picha ya moto akasema moto. Alikuwa na uji, njoo, lala, kuku. Alikuwa na bibi. Nyumbani hakuwahi kuyasema hayo mbele yangu, au aliyasema nami nikasikia mlio tu. Mwalimu akasema mtu fulani amefanya kazi kubwa sana hapa, kila siku, kwa muda mrefu, na alijua anachofanya au Mungu alimwongoza.

Niliporudi Mikumi sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mlezi aliyekuwa amepakana uani na Bibi. Nikamuuliza. Akasema, hukujua? Kila siku baada ya uji, wenzake wakilala, alimpakata mwanao wakatazamana. Anauchukua mkono wa mtoto, anauweka kooni kwake, anasema neno. Kisha anauweka kooni kwa mtoto. Alasiri yote, mpaka unaondoka naye. Sisi tulimwambia utajiua, akasema mama yake hajaona bado, akija kuona akute yamebaki.

 Nilikuwa na swali moja, na niliogopa kuliuliza kuliko nilivyomwogopa daktari. Nikamwambia maneno yote niliyoyasikia shuleni, moja moja, na kwamba nililingojea moja halikuja. Kabla ya homa ndilo alilokuwa akilipiga kelele kila asubuhi.

Yule mlezi akaangalia chini.

"Tulimuuliza," akasema. "Alisema lile si lake kulifundisha. Alikuachia wewe."

Nilijaribu. Likizo ile yote nilijaribu, nikauweka mkono wa mwanangu kooni kwangu nikalisema mpaka sauti ikanikauka, naye akanitazama kwa upole, akaona nimechoka, akanifuta jasho. Alikuwa amekwisha kupita umri wa kulishika. Sasa ni mtu mzima, fundi cherehani, ana watoto wake wenye kelele. Neno bibi bado anaweza kulisema. Mimi, akinitaka, hunigusa bega.