Sanamu ya Mjomba Fawaz

Kama kulikuwa na mtu Jeddah nzima aliyeweza kuitambua sanamu feki ya anime akiwa amefumba macho, basi ni Eucabeth Moraa, mfanyakazi wa nyumbani, mzaliwa wa Keroka, mama wa mtoto mmoja. Usicheke. Hata yeye alicheka mwanzoni. Alikuja Saudia akijua kufua, kupika na kunyamaza, na hakuna ajenti yeyote Nairobi aliyemwambia kwamba atageuka bingwa wa vidoli vya Kijapani.

Aliingia nyumba moja kubwa mtaa wa Al-Rawdah miaka sita iliyopita. Binti mkubwa wa nyumba hiyo, Lamar, alikuwa na miaka tisa, na chumba chake kilikuwa na kabati la kioo lililojaa figa, ndivyo walivyoziita: wasichana wenye mapanga, wavulana wa nywele zilizosimama kama miiba, majini yenye pembe. Kila Jumamosi Eucabeth alizipangusa moja moja kwa brashi ya poda ambayo madam alikuwa ameitupa. Mwezi wa pili akavunja upanga wa mmoja. Akajua amekwisha, anarudishwa kwa ajenti jioni hiyohiyo. Akakaa sakafuni akalia. Mtoto akaingia, akaona, akafunga mlango. Akatoa gundi, akaunganisha, kisha akasema kwa Kiarabu cha polepole ili mgeni aelewe, "Mama hatajua. Lakini jifunze kuzishika, Yuka," maana jina Eucabeth lilikuwa refu kwa ulimi wake.

Hapo ndipo Eucabeth alipompenda yule mtoto. Na kumpenda mtoto wa mwajiri, haki ya Mungu, ni ujinga ambao sisi tuliokuja huku tunaurudia kila siku, na hatukomi.

Lamar alipofika miaka kumi na miwili akaanza kununua mwenyewe mtandaoni kwa kadi ya baba yake. Akatapeliwa mara mbili. Mara ya tatu akashuka jikoni na simu. "Yuka, angalia hii." Wakakaa chini, gunia la vitunguu katikati yao, wakachambua. Picha zote ni za kiwandani, muuzaji hana hata moja aliyoipiga mezani kwake? Achana naye. Bei imeshuka hadi robo? Kimbia. Boksi halina jina la kampuni wala stika ile inayometameta? Feki hiyo. Na ikishafika mkononi usianze na uso, kila mtu huangalia uso. Igeuze. Tafuta mshono pembeni mwa miguu. Tazama ngozi, kama inang'aa ung'avu wa mafuta ya kupaka. Jaribu kama unyayo unaingia kwenye kitako chake bila kulazimishwa. Halafu nusa. Ya asli hainuki kitu. Ya kuiga, taklid kama wasemavyo wenyewe, inanuka ndara mpya zilizoachwa juani. Mambo ya mtandao alifundishwa na Lamar, lakini kugeuza kitu na kutafuta mshono alikuwa anakujua tangu utotoni, mama yake aliuza mitumba. Basi kwa miaka mitatu Lamar hakubonyeza kitu kabla ya kumwuliza Yuka, na Yuka hakukosea hata mara moja.

Mwaka huu mkataba ulikuwa unaisha. Tiketi ilikuwa imekatwa, Alhamisi ya wiki ya tatu baada ya Idi. Binti yake, Stacy, aliachwa kwa nyanya yake akiwa na miaka minne. Sasa ana kumi. Likizo ya kwanza ilikufa kwa sababu madam alijifungua. Ya pili madam alisema mwakani, inshallah. Mara hii tiketi aliiona kwa macho yake mawili, na kila akipiga simu Stacy alihesabu siku kwa vidole. Mtoto alitaka jambo moja tu, apelekwe shule siku ya kufungua na mama yake. "Si nyanya, mum. Wewe."

Idi ikafika, na pamoja nayo akafika Fawaz, kaka yake madam, kutoka Riyadh. Mtu wa sauti kubwa na manukato makubwa zaidi. Alimletea Lamar boksi lililofungwa utepe, na kabla halijafunguliwa alikwisha tangaza sebuleni kwamba humo ndani mna msichana wa upanga mwenye nywele za buluu, toleo adimu, amemtafuta mtandaoni mwezi mzima. Watu wakapiga makofi. Eucabeth alikuwa anapita na sinia ya kahawa. Boksi lilipofunguliwa, harufu ya ndara ikamfikia kabla hajamwona huyo msichana mwenyewe.

Baadaye Lamar akashuka nayo jikoni. Hakuuliza, aliiweka tu mezani. Eucabeth akaigeuza. Mshono unaonekana kama kovu, rangi ya jicho la kushoto imechuruzika shavuni.

"Taklid," akasema.

"Najua," Lamar akasema taratibu. "Usimwambie mtu. Khali ataona aibu." Khali, yaani mjomba wake.

Eucabeth akanyamaza, kazi aliyokuja nayo kutoka Keroka. Lakini lile karatasi ngumu la kusafirishia, lenye jina la duka na mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh, hakulitupa. Lamar mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba vifungashio havitupwi, huenda ukarudisha mali. Akalikunja, akaliweka stoo nyuma ya mashine ya kufulia.

Shida ililetwa na binamu za Lamar. Walimlazimisha Lamar aipeleke sanamu ile kwenye mkutano wa wapenzi wa anime, mgahawa mmoja karibu na bahari. Huko akachekwa. Kuna kijana akapiga picha ya lile jicho linalochuruzika na kuirusha mtandaoni, na kufikia Ijumaa picha ilikuwa imefika Riyadh. Fawaz akapanda ndege siku hiyohiyo.

Wakamwita Eucabeth sebuleni saa tisa mchana. Baba amekaa pembeni anachezea tasbihi, madam katikati, Fawaz amesimama, Lamar kwenye kiti cha mwisho na simu yake.

"Mimi nilinunua asli," Fawaz alisema, akiitikisa ile sanamu. "Asli! Na hii si ile niliyoileta."

"Nani anayefungua kabati lile kila wiki?" madam akauliza, na macho yake yalikuwa yamekwisha jibu.

Laiti angesema sijui! Lakini mtu aliyesingiziwa damu humchemka, na mdomo huponza kichwa. "Madam, wallahi, sijabadilisha kitu. Hii ilikuwa feki tangu siku ya Idi. Niliisikia harufu nikiwa na sinia mkononi."

Tasbihi mkononi mwa baba ikasimama.

"Umejuaje?" Fawaz akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nimesoma chuo kikuu sikujua. Dada yangu hakujua. Wewe wa jikoni umejuaje?"

Ona mambo hayo. Angekuwa mjinga, angekuwa salama. Ujuzi wote ule wa miaka mitatu, mshono na stika na unyayo, ulisimama pale sebuleni ukawa shahidi dhidi yake.

Eucabeth hakulala chini, bado aliamini kwamba ukweli ukiletwa mezani utatambuliwa. Akampigia Fridah, mtu wa kwao, mhudumu wa mgahawa hukohuko Sulimaniyah, akamsomea anwani ya kwenye lile karatasi. Kesho yake, saa ya mapumziko, Fridah akavuka barabara mbili, akalikuta duka, akapiga picha rafu yake. Wasichana ishirini wa nywele za buluu wamepangwa mstari, na kila mmoja jicho la kushoto limechuruzika. "Cheki, dada," Fridah akaandika. "Wote wanalia. Sasa watajua si wewe."

Jumamosi hiyohiyo akapanda nayo sebuleni, mgongo umenyooka. Akamwonyesha baba. Baba akaitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu anayefikiri. Fawaz akamnyang'anya simu.

"Nani amepiga hii?"

"Rafiki yangu."

"Una rafiki Sulimaniyah?" Akawageukia wenzake, karibu afurahi. "Si mmesikia? Ana mtu wake Riyadh, mtaa uleule! Asli imekwenda kwa huyo, na hii ndiyo imeletwa badala yake. Ni genge hili!" Akamgeukia tena. "Jina lake nani?"

Eucabeth hakulitoa jina la Fridah.

Akabaki na mtu mmoja tu. "Muulizeni Lamar," akasema. "Lamar anajua. Siku ya Idi aliniletea jikoni, nikamwambia. Yeye ndiye aliyenifundisha hivi vitu vyote. Lamar, mama, waambie."

Wakamgeukia msichana. Sasa ujue jambo hili: mwezi uliofuata kulikuwa na maonyesho makubwa ya anime Riyadh, na baba yake alikuwa amekubali aende kwa sharti moja, apelekwe na mjomba wake. Lamar akamtazama Fawaz. Akamtazama Yuka. Kisha akatazama simu yake.

"Sikumbuki," akasema.

Neno hilo moja tu. Eucabeth alisema baadaye kwamba kofi lingekuwa afadhali. Miaka sita alimsuka nywele, alimpikia uji akiumwa, alimfichia madam maksi mbaya za hesabu. Asante ya punda ni mateke, tunasema, lakini punda angalau hajui kusoma.

Masharti yakatolewa na madam. Akikiri na kuomba radhi, Alhamisi anapanda ndege yake, halas, yamekwisha. Akikataa, wanakwenda polisi, na mwenye kesi hasafiri mpaka kesi iishe, na itaisha lini anajua Mungu. Apewe mpaka kesho.

Alishuka gereji alikokuwa Naftali, dereva wa nyumba hiyo, Mluhya mpole aliyekuwa akimwita Mama Stacy tangu siku ya kwanza.

"Sikuiba, Naftali."

"Najua hukuiba. Hata baba anajua, nimemwona uso."

"Basi kwa nini niseme niliiba? Jina langu liandikwe mwizi?"

Naftali akaifuta taa ya gari ambayo tayari ilikuwa safi. "Mama Stacy, hapa nani anataka ukweli? Wanataka mjomba asiaibike. Wewe unataka kwenda nyumbani. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Sema wanachotaka, uende ukamwone mtoto."

Jumapili akasema. Madam alimrekodi kwa simu, akamwambia arudie kwa sababu mara ya kwanza hakusikika vizuri. Mimi Eucabeth nilichukua sanamu ya asli, nikaweka ya kuiga, nikaiuza, naomba radhi. Akamwomba radhi Fawaz ana kwa ana, na Fawaz akakubali kwa ukarimu mkubwa, akapokea na mshahara wa Eucabeth wa mwezi wa mwisho kama fidia. Ndiyo, alilipwa sanamu ya asli ambayo hakuinunua maishani mwake. Mtu huyo analala usingizi.

Lamar hakushuka jikoni tena hadi Alhamisi. Eucabeth alipotoa sanduku lake nje, pazia la chumba cha juu lilisogea kidogo, likarudi.

Naftali alimfikisha uwanja wa ndege, akamshushia mzigo, akamwambia amsalimie Kenya. Eucabeth akakabidhi mzigo wake, akapita wakaguzi, akaketi. Simu ikalia. Aliona jina la Lamar. Haki alidhani ni samahani.

"Yuka usinikasirikie," Lamar alikuwa ameandika. "Nitakukumbuka sana. Lakini tazama hii haraka, muuzaji anasema kuna mtu mwingine anaitaka, na nataka kwenda nayo Riyadh. Asli au taklid?" Chini yake picha mbili za mfalme wa majini, pembe za dhahabu.

Hakuhitaji kuikuza. Picha za kiwandani. Boksi bila stika. Ngozi ya mafuta. Akaona sakafu ya jikoni na gunia la vitunguu, akaona vidole vidogo vyenye gundi vikiunganisha upanga. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Dole gumba likasimama juu ya simu muda mrefu, mpaka abiria wa Nairobi walipoitwa.

"Asli," akaandika. "Nunua haraka."

Akaona alama kwamba imesomwa. Akatoa laini ya Saudia, akaivunja kwa meno, akaingia kwenye foleni akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwuliza kitu.