Kisima cha Mama Saruji

Jina la Mama Saruji alijitafutia mwenyewe. Kila mkutano wa wakulima yeye ndiye wa kwanza kusimama, kanga imekazwa kiunoni, kelele ni zile zile: mfereji wa udongo umezeeka, unavuja kama kikapu, jengeni wa saruji! Waliochoka kumsikia wakambandika jina hilo, naye akalipokea kwa kicheko.

Kelele zenyewe alizipiga kwa ajili ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Shamba la wifi lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji, ambako maji yalifika kwa kubahatisha. Kila jioni alikuja na ndoo kuchota kwenye kisima cha Mama Saruji, nyuma ya jiko. "Niwie radhi wifi, nachota kidogo tu." Kila siku neno hilo hilo, na Mama Saruji lilimchoma.

Basi mfereji ukajengwa. Saruji kila upande, mabamba juu, malango ya chuma yanayofunguliwa kwa mtambo kutoka ofisini. Zamu ya Mama Saruji ya kumwagilia ilipofika, maji yaliingia shambani kwa kishindo mpaka akapiga vigelegele peke yake kama mwehu.

Haukupita muda kisima kikaanza kutoa tope. Kisha hata tope likaisha. Na kando ya kisima ndipo kilipokuwa kitalu chake cha vitunguu, miche yote ya msimu, inayotaka maji kila jioni, si mpaka zamu ifike. Miche ikaanza kulala.

Alikwenda ofisini moto moto. Injinia, kijana mpole wa kuudhi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kisima chako kilikuwa kinakunywa maji yaliyovuja kwenye mfereji. Maji yalikuwa yanapotea, tumeyazuia."

"Yanapotea wapi? Yalikuwa yanakuja kwangu!"

"Lakini mama, si wewe uliyetuambia tuzibe kila ufa?"

Mama Saruji alikaza kanga kiunoni, akatoka. Heri angetukanwa, angejua la kujibu.

Asubuhi iliyofuata alichukua nyundo na patasi ya marehemu, akaenda pale mfereji unapopita nyuma ya jiko. Tundu moja tu, dogo, nani angejua? Alipiga magoti, akaikita patasi kwenye saruji ile ile aliyoipigia kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Wifi! Umeangusha nini hapo?"

Wifi alikuwa anakuja na fungu la mchicha kifuani, meno yote nje. Mama Saruji akasukumia nyundo na patasi chini ya kanga.

"Sindano," alisema.

"Shika mchicha. Wa kwanza kutoka kwangu! Maji sasa yanafika mpaka mwisho, yanayobaki yanajaa kwenye tangi pale mlangoni kwangu." Kisha akaiona miche. "Kisima kimekuwaje?"

"Kimekauka."

"Na umenyamaza! Ndoo si unazo? Njoo uchote."

Jioni Mama Saruji alishika njia, ndoo kichwani, akimlaani injinia, saruji na mdomo wake mwenyewe. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyowahi kufikiri, na shingo ilimuuma kabla hajafika nusu. Wifi alikuwa kwenye matuta yake, akampungia mkono.

Mama Saruji aliinama penye tangi. Kabla hajajizuia, akajisikia anasema, "Niwie radhi wifi, nachota kidogo tu."