Mama Brigitha na Helikopta Zilizofukuzana

Siku Beatus alipomwona Mama Brigitha mara ya kwanza, mama huyo alikuwa juu ya ulingo katikati ya mpunga wake, kule Idete, kombeo mkononi. Ndege walikuwa wanajilia tu. Yeye alizikodolea macho helikopta mbili za jeshi zilizokuwa zikifukuzana juu ya bonde.

Beatus alikuwa kibarua, mshika bendera katika majaribio ya helikopta hizo. Alitumwa kumwondoa, lakini kwa haya zake hakujua aanzie wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile ya mbele anaendesha Lukelo, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi. Wanapima nini?"

"Kama anaweza kumponyoka adui aliye nyuma yake."

"Hamponyoki. Sasa anakata upande wa mto."

Helikopta ikakata upande wa mto.

"Sasa milimani."

Ikaenda milimani.

"Umejuaje, mama?"

"Miaka thelathini naamia ndege, nawafukuza mpungani. Ndege hulaza bawa kabla ya kugeuka, nami natupa jiwe kule anakokwenda. Huyu mtoto analaza lidude lake mapema mno. Adui mwenye macho atamuua. Kamwambie mkubwa wenu."

"Mimi?"

"Au nimtume kwelea kwelea huyu anayekula mpunga wangu?"

Siku mbili Beatus hakusema. Mara tatu alifika mbele ya Kapteni Justa, mkuu wa wapimaji, akarudi. Siku ya tatu akamsikia Kapteni akisema kesho atatia sahihi: helikopta iko tayari kwa mapigano, na rubani wake pia. Miguu ikampeleka yenyewe.

"Afande, kuna mama anajua rubani anakogeukia kabla hajageuka."

Askari wakaangua kicheko. "Mwamia ndege atufundishe vita!"

Kapteni Justa hakucheka. Alimfuata Beatus hadi ulingoni, akaagiza bendera nyekundu iwe mto, nyeupe iwe milima. Mama akasema, Beatus akainua. Mara kumi, na mara zote kumi helikopta, ambayo rubani wake hakuambiwa lolote, ikageukia kule bendera ilikokwisha kuonyesha.

Kapteni hakutia sahihi. Akamwita Lukelo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umeshakufa mara kumi."

Juma zima Lukelo alijifunza kulaza huku na kukata kule. Siku ya mwisho, Mama aliposema mto, Beatus aliinua nyekundu. Helikopta ikalala upande wa mto, ghafla ikajipindua, ikapotelea milimani. Akasema milima, ikakimbilia mtoni. Wakaendelea hivyo mpaka kombeo likamdondoka Mama kwa kucheka.

Beatus na Mama hawakuonana tena. Mama Brigitha alizikwa kabla ya mavuno. Lakini jioni ile ya mwisho, lori la jeshi lilipoanza kuondoka na vibarua, alisimama juu ya ulingo akapaza sauti huku akicheka:

"Nimekosa, Beatus! Mwambie Lukelo nimekosa zote!"