Wamekata Mkia wa Bango Langu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa ukumbi wetu wa sinema hapa Tukuyu alinipa brashi hata kabla hajaitikia salamu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa bidhaa, na filamu za Kihindi zikawa zinatufikia kwa wingi kuliko zamani. Baba yangu alikuwa akiandika vibao vya maduka mtaani kwetu Bagamoyo, si ile ya pwani, ni ya hapa hapa Tukuyu, na herufi nilijifunza kwake.

"Binti," Meneja akasema, "hapa sitaki mwandiko mzuri tu. Nataka anayesoma ashindwe kupita."

Ninyi mnaoyaona mabango ya filamu hizo leo ndani ya vioo mnadhani yalizaliwa humo. Thubutu! Yalitoka Mbeya yamekunjwakunjwa, yakiwa chini ya kiti cha gari la Bwana Msambazaji, aliyekuwa akitukodisha filamu. Mashujaa walikuwa na nyuso za waridi, wabaya nyuso za kijani, na maandishi yote ya kwao. Mama aliyeshuka na ndizi kutoka Igogwe angejuaje nani analia na kwa nini? Ndiyo maana tukawa na mkia. Mkia ni ukanda wa karatasi nyeupe tuliougundisha chini ya bango kwa uji wa muhogo, nami nikaandika hapo maneno machache ya Kiswahili ya kumvuta mtu. Niliandika kwa rangi ya mafuta, maana rangi ya maji haimalizi asubuhi moja kwa mvua za huku.

Sasa sikilizeni habari ya bango moja. Lilionyesha bibi harusi ameinama, anagusa miguu ya baba mkwe wake. Lilichelewa kufika, tukaliweka sokoni siku ya gulio kabla sijalitia mkia. Jamani! Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, sembuse kugusana. Mwanamke akimwona baba mkwe anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Basi akina mama wakajifunika kanga usoni, wakahamisha mikungu yao upande wa pili wa soko. Mmoja akapaza sauti, "Mmetuletea laana!" Jioni ile ukumbini tulikaa sisi na viti vyetu.

Meneja alikuja kesho yake amevimba. "Libandue! Wataniharibia biashara yote."

"Usilibandue, Bosi," nikamwambia. "Nipe karatasi."

Nikaandika mkia kwa herufi nyekundu: KWAO NDIYO HESHIMA. KWETU ANGEKIMBILIA MIGOMBANI.

Muuza nyanya mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake. Yule yule wa laana akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. Akalitazama bango vizuri, akasema, "Kumbe anamwamkia! Maskini, na shanga zote hizo." Jioni ukumbi ulifurika, wakalia na bibi harusi yule kama mtoto wao. Maneno yale yakaingia mjini. Mtu akifanya jambo la ajabu, watu wanacheka, "Mwacheni, kwao ndiyo heshima!"

Bwana Msambazaji alipoona mkia alifoka. "Karatasi zangu mnazitia viraka!"

"Bila hivyo viraka," Meneja akamjibu, "filamu zako ungevionyesha viti."

Baadaye Bwana Msambazaji huyo huyo akaniomba nihamie Mbeya nikaandike mikia ya kumbi zake. Nilifanya kazi kule mpaka video zilipoingia. Ruksa iliyotuletea filamu ndiyo iliyotuletea na kanda. Kila kibanda kikawa sinema, na ukumbi wetu wa Tukuyu ukageuzwa ghala la mitumba. Mabango yakagawiwa watu. Lile langu lilikwenda Ibighi, kwa mtu mmoja aliyelibandika sebuleni pamoja na mkia wake. Mimi nikarudi Tukuyu kuandika vibao vya saluni na mabucha hadi mkono ulipoanza kutetemeka, nikaweka brashi chini.

Juzi juzi gari la matangazo likapita: maonyesho ya mabango ya kale ya Kihindi. Nikavaa nikaenda. Nikalikuta lile langu ndani ya kioo, linang'aa, na chini pamekatwa sawasawa kama kwa wembe.

Mwenye maonyesho, kijana mkusanyaji wa mabango, akanisogelea. "Shikamoo bibi. Hii ni sanaa adimu."

"Marahaba. Mkia wake uko wapi?"

"Mkia?"

"Karatasi ya chini, yenye maandishi ya Kiswahili."

"Aa, ile! Tulipolinunua Ibighi lilikuwa limechafuliwa na kikaratasi. Tumelisafisha, tukakitupa, ili libaki katika uhalisia wake."

Uhalisia! Aliyechora alichorea kwao, simnyang'anyi sifa yake, mkono wake ni dhahabu. Lakini hapa Tukuyu bango lile bila mkia lilifukuza watu! Mimi ndiye niliyewafanya walitazame. Kazi ya ujana wangu wote wameiita uchafu, halafu wananiamkia.

Nilikuwa bado natafuta neno la kumtukana kwa adabu, mara akaingia bibi mmoja na kikapu chake. Alipoliona bango, akavuta kanga usoni, akaligeuzia mgongo.

Nikasema kwa sauti, "Kwao ndiyo heshima."

Bibi yule hakugeuka. Mabega yakaanza kumcheza. Kutoka ndani ya kanga akajibu, "Kwetu angekimbilia migombani!" Ndipo akashusha kanga, akageuka, akalitazama huku akifuta machozi ya kicheko.

Kijana akatuangalia mmoja mmoja. "Samahani, mnasema nini?"

"Kasome jalalani," nikamwambia, nikachukua mwavuli wangu.