Mtunzi Niliyemtafuta Kinshasa

Mimi ni mwalimu wa maigizo na utunzi hapa Muhumba, mtaa wa Bukavu. Juzi prefe, mkuu wa shule yetu, alinipa kazi ya kuchagua kitabu cha wanafunzi. Nakala moja ya fotokopi, isiyo na jina la mtunzi, ilinigusa sana. Kwenye mkutano wa walimu nikajigamba: "Mimi najua maandishi! Huyu iko profesa wa Kinshasa. Mutu wa Bukavu hawezi kuandika hivi."

Prefe akacheka. "Maître, mwenye kuandika iko nyuma yako."

Nikageuka. Alikuwa Maman Neema, mwalimu wetu mpya, mwanafunzi wangu wa zamani.

"Ni mimi, Maître," akasema. "Na ni weye ulinifundisha."

Uso uliniwaka kwa aibu, huku kifua kikinijaa fahari.