Mama Mwenyekiti Alipoazima Watoto Wangu

Sisi watu wa Silanga tulikuwa tunaazimana kila kitu. Mgeni akikuja kwako, unaenda kwa jirani: nipe vikombe, nipe chupa ya chai, nipe kile kitambaa chako cha meza. Mimi nimepeana ndoo, nimepeana jiko, nimepeana hata viatu vya kuendea matanga, vikarudi na matope. Hukatai. Ukikataa leo, kesho wageni wako watakunywa chai na sufuria. Lakini mtu kukuja kuazima shida zangu, hiyo nimeona mara moja tu, na huyo mtu nilimnyoosha. Kaeni niwaambie. Nikianza hii hadithi hata magoti huacha kuniuma.

Ilikuwa hiyo miaka ya tisini. Bwanangu alikuwa amekufa, nimebaki na wasichana watatu, nauza makaa hapo karibu na dam, lile bwawa la mtaa. Nyumba yangu ilikuwa ya udongo, chumba moja. Mvua ikinyesha maji inaingia kwa mlango, inapita chini ya kitanda, inatoka na viatu. Mtoto wa mwisho alikuwa anakohoa mpaka majirani wanahesabu.

Kanisani tulikuwa na chama ya akina mama. Mwenyekiti wetu alikuwa anakaa Sarang'ombe, nyumba ya simiti, makochi yamefunikwa vitambaa kama bibi harusi. Watoto wake walikuwa watu wazima, yule wa mwisho ana ndevu. Siku moja akanikuta kwa makaa.

"Dadangu, kesho kuna wageni wazungu. Wanataka kuona vile sisi akina mama tunaishi. Niazime nyumba."

"Na yako iko na nini?"

"Yangu ni nzuri sana, watasema hatuna shida."

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Wewe shinda hapa kwa kazi. Kizungu hujui, utawaambia nini? Niachie nyumba na watoto, mimi nitakusemea."

Nikampa. Hata leso yangu ile imetoboka alitaka, nikavua nikampa. Kesho yake nilipita hapo mlangoni na gunia mgongoni, nikamwona amekaa kwa kitanda yangu, amekumbatia watoto wangu, analia machozi ya ukweli kabisa. Mzungu mmoja wa kike akaniangalia, akauliza kupitia mwalimu aliyekuja nao kutafsiri, mimi ni nani. Mama mwenyekiti akasema, "Huyo ni jirani, anauza makaa." Wakapigwa picha. Mimi nikaenda zangu. Si nilikuwa nasemewa?

Wiki chache zikapita. Jumapili moja tukaambiwa wageni walikuwa wanatafuta familia moja yenye shida kushinda zote. Wameijengea nyumba Kawangware, hapo stendi inaitwa 46, ya mabati mapya, vyumba viwili, sola juu ya paa, ile ya kuchukua jua mchana na kuwasha taa jioni bila kuuliza kampuni ya stima. Na wameinunulia gari ndogo ya kubeba biashara, ile inakunywa petroli vile kuku anakunywa maji, tone, anaangalia juu, tone. Halafu wakainua picha kubwa. Mama mwenyekiti na leso yangu, na wasichana wangu watatu.

Mtoto wangu wa mwisho akasema kwa sauti, "Mama, hiyo si kitanda yetu?"

Nikamziba mdomo. Kanisa yote ilikuwa inapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilipiga mpaka mikono ikauma, nikimwangalia vile anapokea funguo na anafuta macho. Moyoni nikasema, mama, hiyo nyumba ni ya watoto wangu, na utanipa na mkono wako.

Wenzangu walisema niende kwa mchungaji. Niende nikamwambie nini, na yeye ndiye alishika ile picha juu? Nikarudi kwa makaa yangu. Mama mwenyekiti akahamia hiyo nyumba mpya. Bwana yake akaanza kupita hapo dam na ile gari, akifika kwangu anapiga honi. Mimi nampungia mkono na meno yote nje.

Nilikuwa nangoja, kwa sababu kitu moja nilisikia siku hiyo kanisani wengine wote wakicheka na kuimba. Mwalimu aliyekuwa anatafsiri alisema wageni watarudi mvua ikiisha, waone watoto wakisoma na hiyo taa. Watoto gani? Yule wa ndevu?

Mvua ikaisha. Mama mwenyekiti akakuja, na sukari ndani ya mfuko.

"Dadangu wa roho. Niazime wasichana Jumamosi."

"Wageni?"

"Ndio. Na wanataka kuandika karatasi za nyumba na gari, majina ya watoto na mama yao, ndio mtu asiuze. Kwa hivyo unipe na zile kadi zao za kliniki."

Nikasema, "Watoto wangu hawawezi kutumwa kama vikombe. Hawajui hiyo nyumba, watauliza choo iko wapi mbele ya wageni. Tukuje mapema wazoee. Na kitanda ije, iko kwa picha."

"Na wewe?"

"Nani atawapikia?"

Alinikunjia uso, lakini atafanya nini. Tukabebwa na ile gari, kitanda imefungwa juu. Akasema tukiulizwa, mimi ni yule jirani wa makaa, siku hizi ni mfanyakazi wake wa nyumba. Nikasema sawa mama. Msichana wangu mkubwa akanivuta kando.

"Mama, nitamwita huyu mama, halafu wewe nikuite nani?"

Hiyo ndiyo ilinichoma. Nikamwambia, "Mpaka Jumamosi tu."

Jumamosi wageni wakakaa, wakanywa chai niliyopika. Wasichana wakafungua vitabu. Yule mzungu wa kike akafurahi, akafungua karatasi zake, akauliza kadi. Mama mwenyekiti akaniambia, "Wee msichana, leta kadi."

Mimi mama ya watoto watatu, msichana. Nikatoa kadi kifuani, zimekunjwa kwa nailoni, nikampa mwalimu mkononi, si yeye. Shule niliacha darasa la pili, lakini kuna neno moja nasoma hata likiandikwa na daktari, na ni jina langu. Hilo ndilo lilikuwa hapo kwa kadi zote tatu, mahali pa mama. Mwenyekiti kadi za watoto wake alishasahau, alidhani huwa na jina la mtoto tu.

Mwalimu akasoma. Akasoma tena. Akamgeukia mwenyekiti. "Hili ndilo jina lako?"

Mwenyekiti akaziinamia kadi. Akikataa, watoto si wake, na karatasi zinakunjwa. Aliniangalia, na mimi nilikuwa napanguza meza polepole.

"Ndio," akasema. "Ni mimi."

Wakaandika. Nyumba, gari, yote kwa hilo jina, na majina ya wasichana chini. Wakapiga picha, wakaacha karatasi mezani, wakaenda.

Mwenyekiti akanyoosha mkono achukue karatasi. Zilikuwa tayari kifuani kwangu, nilizikusanya pamoja na vikombe.

"Rudisha," akasema.

"Ziko na mwenyewe. Ama unataka tumwite mwalimu hajafika mbali, asome tena?"

Akaanza kufungasha makochi yake. Nilimsaidia kukunja vitambaa, kimoja kimoja, nikiimba wimbo wa chama.

Gari nayo, mimi kuendesha sijui. Bwana wa mwenyekiti alikuja na kofia mkononi, akisema amezoea usukani. Nikamwandika kazi, anibebee makaa kutoka Silanga mpaka Kawangware. Siku ya kwanza alikuja na bibi yake amekaa mbele, wanapitia sokoni. Nikafungua mlango.

"Mbele ni kwangu, mama. Wewe panda nyuma na magunia."

Akapanda. Alishuka 46 mweusi kutoka shingo mpaka viatu. Wasichana wangu walikuwa ndani wamewasha taa, wanasoma kwa sauti, na yule wa mwisho hakohoi. Mkubwa akachungulia, akauliza, "Mama, tumkaribishe chai?"

Nikamwambia ampe. Lakini ampelekee hapo nje.